Neno la Mizani Tano

Jambo lote hili liligharimu neno moja. Nimelihesabu mara mbili: a-me-sa-fi-ri, silabi tano. Walimu wa mashairi silabi wanaziita mizani. Mimi nimeishi kwa mizani ya sokoni miaka yote hii, na sikujua kwamba maneno nayo yana mizani yake, wala kwamba hiyo nayo mtu anaweza kuichezea.

Nauza maharage na ulezi hapa Sumbawanga mjini. Kwa sado, kwa debe, kwa gunia, vyovyote mfuko wako unavyoruhusu. Debe lililobonyezwa kitako nalijua kwa kulitazama. Sado iliyowekewa kadibodi chini naijua kwa mlio tu, maharage yanapoangukia. Mteja akinipa noti nahesabu, kisha nahesabu tena, na jirani yangu wa kibanda, mama mmoja anayeuza dagaa wa Kasanga, hachoki kunisema.

"Wewe baba, hata pumzi unazihesabu mara mbili. Siku ya kufa utamwambia Mungu asubiri, urudie."

Namwambia kuhesabu mara moja ni kubahatisha.

Zamani tulikuwa tunakaa Muze, kule bondeni. Mke wangu aliugua hukohuko. Tulimpandisha hospitali ya huku juu, huku juu wakatuelekeza Mbeya. Binti yetu alikuwa na miaka mitano, tukamwacha kwa dada yangu Matai, tukisema ni wiki moja. Wiki ikawa tatu, na mke wangu akafia Mbeya asubuhi ya kawaida kabisa, watu wakinunua chai dirishani. Dereva wa gari la kubebea mwili alitaja bei yake nami nikaanza kumpunguza. Si kwamba sikuwa nayo. Mdomo ulijiongelea wenyewe, kwa mazoea, hadi yule dereva akaona aibu kwa niaba yangu, akakubali. Tukamzika Muze, karibu na kwao. Mtoto hakuwepo. Watu wazima walisema mtoto asiletwe, na mimi sikubishana, siku hiyo peke yake katika maisha yangu.

Baada ya matanga nikaenda Matai kumchukua. Njia nzima nilikuwa nimeyapanga maneno yangu vizuri, ya kweli. Nilipofika alikuwa anapeta ulezi na shangazi yake, vumbi limemjaa kwenye nyusi.

"Baba shikamoo. Mama yuko wapi?"

Dada yangu akatazama ungo. Nikafungua mdomo.

"Mama amesafiri."

"Ndiyo," dada akadakia haraka, "amesafiri."

Mtoto akasema, "Haya," akaendelea kupeta.

Nilijitetea kwa miaka. Nilijiambia sijadanganya. Si tulimsafirisha? Kutoka Mbeya mpaka Muze ni safari, tena ya kuchosha. Kilichotakiwa kusemwa ni "amesafirishwa". Mimi nimekata silabi moja tu ya mwisho. Ndivyo wanavyojitetea na wale wa kadibodi chini ya sado. Kidogo tu, hata haionekani.

Nilihamia mjini, ambako hakuna aliyetujua. Bibi yake wa Muze nilimwomba alitunze neno langu. Alilitunza, lakini akaacha kuja kututembelea, maana alisema uso wake haujui kufanya kazi hiyo. Mtoto akitaka kwenda kwa bibi nilisema barabara ya kushuka bondeni ni mbovu. Siku ya kumwandikisha shule, kwenye fomu, pale pa mama, niliandika "hayupo". Nililipenda sana neno hilo. Halikuwa uongo hata kidogo.

Mwaka wa kwanza aliuliza mama atarudi lini. Wa pili aliuliza. Wa tatu akanyamaza, na mimi ukimya ule nikauingiza upande wa faida. Nikasema, ameelewa mwenyewe. Watoto huwa wanaelewa.

Kila siku akitoka shule alikuja kibandani kwangu, akakaa juu ya debe lililofunikwa, ameelekeza uso barabarani, kule yanakoingilia mabasi ya Mbeya. Niliamini anapenda mabasi. Alijua yote kwa honi zake. "Hilo limechelewa leo," alikuwa akisema, nami najibu, "Litakuwa limepata pancha Laela," na ninaendelea kupima maharage.

Sasa ilikuwa mwezi wa tano, mwaka wake wa darasa la tano, baridi imeshaanza kutuuma na maharage mapya yameingia sokoni. Siku ya Alhamisi alikuja na daftari la Kiswahili. Mwalimu wao, binti mgeni ambaye amehamia huku kutoka Pwani na bado anavaa makoti mawili, alikuwa amewatungia ubeti ubaoni, wakanakili. Kazi ilikuwa ya nyumbani: kuhesabu mizani, kutaja dhamira, kutoa mfano mmoja wa tashbiha, mmoja wa tashihisi na mmoja wa tafsida.

"Baba, wewe si unajua kuhesabu? Nisaidie."

Akanisomea:

Babu yetu mkulima, amesafiri wa kwanza,
Jembe kaliacha nyuma, kama yai la kutunza,
Shamba lakaa lasema, nani leo ataanza?
Nasi kimya twatazama, njia aliyoianza.

Sikusikia zaidi ya mstari wa kwanza. Lakini yeye alikuwa ameshachota maharage, anayapanga juu ya gunia, punje moja kwa kila silabi. Basi tukahesabu. Kumi na sita kila mstari, sitini na nne kwa jumla. Nikazirudia zote, kweli sitini na nne. Mama wa dagaa alisimama kututazama.

"Eti baba na mwana wanapima maneno. Mtayauza bei gani?"

"Haya hayapunguzwi," binti yangu akamjibu. Huo mdomo ameutoa kwangu.

Tashbiha aliipata mwenyewe, jembe kufananishwa na yai, kwa sababu pana neno "kama". Tashihisi pia aliipata: shamba linaongea kama mtu. Akafika kwenye tafsida akakwama, akauma kalamu.

"Mwalimu alisema tafsida ni kulisema jambo zito kwa maneno ya adabu. Kama mtu kusema anakwenda haja. Sasa hapa lipi?"

Nililiona limekaa pale, punje tano za mwanzo katika nusu ya pili ya mstari wa kwanza. Nililiona kama mtu anavyoiona noti yake bandia ikimrudia kutoka mkono wa mteja mwingine.

"Andika 'mkulima'," nikasema.

"Mkulima ni tafsida ya nini?"

"Ya maskini."

Mama wa dagaa alicheka mpaka akashika nguzo. Mtoto hakucheka, ila aliandika. Kisha akasoma ubeti tena kimoyomoyo, midomo ikichezacheza.

"Dhamira ni kusubiri," akasema.

"Umejuaje?"

"Si wanaangalia njia? Babu kasafiri, wao wanamsubiri. Shamba nalo linamsubiri."

"Hapana. Andika 'kilimo'. Pana jembe, pana shamba, pana mkulima. Hesabu mwenyewe, vitu vitatu vya kilimo. Kusubiri kumeandikwa wapi?"

Akafuta kusubiri kwa raba, akaandika kilimo kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko mzuri. Nilimpa mtoto jibu bovu nikijua ni bovu, na nikamfungia vizuri.

Jumatatu alikuja kibandani saa zake zilezile. Akaweka begi chini, akakaa juu ya debe. Ilinichukua muda kujua ni kitu gani kimebadilika. Alikuwa amekaa mgongo barabarani. Basi la Mbeya likapita likipiga honi, hakugeuka.

"Mbona umekaa hivyo leo?"

"Nimechoka kuangalia."

Akanipa daftari. Mkulima, mkasi mwekundu wa kosa. Kilimo, mkasi mwekundu. Pembeni mwalimu ameandika kwa mwandiko wa duara: Dhamira ni kifo. Tafsida ni "amesafiri", maana yake amekufa.

"Mwalimu alituambia tuseme wote," akasema. Sauti yake ilikuwa kavu kama ya mtu anayesoma bei. "Yeye anasema amesafiri, sisi tunaitikia amekufa. Nikanyoosha mkono. Nikamuuliza, na wakisema mama amesafiri? Akasema hivyohivyo, yeyote yule. Darasa zima likaitikia."

Mteja alikuwa amesimama mbele yangu na sado mkononi. Nikampimia. Sijui nilimpimia ngapi. Hiyo ndiyo sado pekee katika maisha yangu ambayo siijui.

"Baba. Mama amesafiri?"

Alikuwa ananipa nafasi ya mwisho, na aliuliza kwa adabu zote. Ningeweza kusema. Badala yake nikamwambia tufunge kibanda twende nyumbani, kuna baridi.

Nyumbani aliingia chini ya kitanda chake, akatoka na mfuko wa sandarusi. Ndani mlikuwa na vifurushi sita vya vitambaa, vimefungwa fundo. Akavipanga mezani kimoja kimoja, kama mimi ninavyopanga noti. Maharage. Kila mwaka maharage mapya yakiingia alikuwa anachota konzi moja kwenye gunia langu na kumwekea mama yake, ili akirudi asiwe amekosa ya mwaka hata mmoja. Konzi za kwanza zilikuwa za mkono wa mtoto wa miaka mitano, ndogo ndogo, na zilishabunguliwa zote, ukifungua kitambaa unatoka unga. Cha sita kilikuwa cha wiki iliyopita, maharage bado yanang'aa.

Na mimi nilikuwa nimejua! Kila mwaka, nikirudia hesabu, gunia la kwanza lilikuwa linapungua konzi. Mwaka wa kwanza nikasema panya. Wa pili nikamshuku mama wa dagaa, tukanuniana wiki nzima. Nilikuwa nimehesabu sawasawa mara zote mbili, na sikuelewa nilichokihesabu.

Hakulia. Alivirudisha kwenye mfuko, akala ugali nusu, akalala. Kesho yake hakunisalimia. Nilingoja ile shikamoo yake mlangoni kama mtu anayengoja chenji, ikapita.

Ilikuwa Jumanne, siku yangu ya kwenda Matai kununua maharage, lakini nikaenda shuleni. Nilikwenda kugombana, siwezi kuficha. Nilikuwa nimeshapanga na pa kuanzia: ni mwalimu gani anafundisha watoto kifo kwa kuitikia kama wimbo wa mchakamchaka? Nilimkuta ofisini amejikunyata ndani ya makoti yake, lundo la madaftari mbele yake.

"Karibu mzazi. Nilikuwa nataka nikuite. Mwanao tangu jana haongei."

Nikamwambia. Nilianza kwa ukali, lakini habari yenyewe ilikuwa inageuka mdomoni kadiri ninavyoisema, na nilipofika mwisho mshtakiwa alikuwa mimi. Mwalimu akaenda kwenye kabati, akatoa fomu, akaiweka mezani kati yetu.

"Mzazi, hapa umeandika hayupo. Mimi nilijua mmeachana. Ningejua ni marehemu, ningetunga ubeti wa mbuzi."

Kisha akaulizia lile jibu la kilimo, maana lilimshangaza, binti yangu ndiye hodari wake wa mashairi.

"Yeye alisema ni kusubiri," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyembadilishia."

Mwalimu alivua miwani.

"Kusubiri? Mbona hilo ningempa alama zote. Mimi mwenyewe niliyeutunga sikuliona. Sisi wengine tunaandika kifo kwa sababu tumezoea. Anayesema kusubiri ameusoma kwa macho yake."

Alichukua kalamu nyekundu, akaniuliza kama ningependa amrekebishie daftari. Hapo nami, Mungu anisamehe, nikataka kujua zitakuwa alama ngapi.

Jumamosi tulishuka Muze. Barabara haikuwa mbovu kiasi hicho. Mtoto alikaa dirishani, mfuko wa vifurushi mapajani, na tulipoanza kuteremka ule mlima, masikio yakiziba, joto likipanda, akavua sweta. Njia nzima nilimnunulia vitu: karanga, ndizi, soda. Alipokea vyote, akashukuru vyote, hakula hata kimoja.

Bibi yake alikuwa anatungoja uani. Alimshika mjukuu wake kichwa kwa mikono miwili, wakakaa hivyo. Mtoto akampa mfuko. Bibi akafungua, akatoa vifurushi, akavigusa kwa kidole kimoja baada ya kingine.

"Sita," akasema. Akanitazama mimi. "Na mimi nilikuwa nahesabu, baba."

Kaburi lilikuwa safi, bibi alikuwa analipalilia. Msalaba wa mbao, rangi imebanduka kwa mvua, jina linasomeka kwa shida, na chini yake maandishi niliyoyalipia mimi mwenyewe, kwa herufi, nikiwa nimechagua maneno machache ili kupunguza gharama. Mtoto alichuchumaa, akasoma kwa kidole.

"Amelala kwa amani." Akafikiri. "Amelala. Hiyo nayo ni tafsida, baba."

"Ndiyo."

"Maana yenyewe imeandikwa wapi?"

Nikazunguka msalaba, kama vile huenda upande wa pili kuna kitu. Hapakuwa na kitu, mbao tu na njia ya mchwa.

"Haijaandikwa popote."

"Basi sema wewe."

Bibi yake akageuka, akaanza kung'oa majani ambayo hayakuwepo.

"Mama yako amekufa," nikasema.

Hapo ndipo alipolia. Alilia kilio ambacho kilikuwa kimekaa miaka sita kikizaa riba, na hakuniruhusu nimshike. Nilisimama pembeni. Na kichwa changu, ambacho sijawahi kukitawala, kikaanza kazi yake. Ma-ma ya-ko a-me-ku-fa. Nane. Nikarudia, ni nane kamili, kipande kizima cha mstari, hakizidi wala hakipungui. Kisha nikapima na lile lingine, a-me-fa-ri-ki, likaja tano, sawasawa na neno nililolitumia. Pale Matai ningeweza kulitoa hilo moja na kuliweka hili, na mstari usingeharibika. Ukweli haukuwa mzito zaidi hata kwa silabi moja.

Jioni bibi yake alipika kile kifurushi cha sita. Vile vitano vya unga alivizika pembeni ya kaburi, hakutuuliza.

Sasa amerudi shule. Shikamoo imerudi pia, ingawa inakuja baada ya mimi kukohoa kwanza. Daftari lake lina alama ya ziada kwa wino mwekundu, kusubiri, na sahihi ya mwalimu. Kibandani anakaa upande, si uso barabarani wala si mgongo. Mama wa dagaa nilimwomba radhi kwa ile wiki ya kununiana. Akaniambia deni hilo limeoza, nimpe tu sado ya maharage. Nikampa, akaipima mara mbili mbele yangu.

Lakini liko jambo moja ambalo sijaliweza, na ndilo linalonifanya niandike. Kila Jumanne inanibidi niende Matai kununua maharage, naondoka asubuhi, narudi jua likizama. Ndiyo kazi inayomlisha. Jumanne ya kwanza baada ya Muze nilisimama mlangoni na magunia matupu begani, nikasema kama nilivyosema miaka yote, "Mwanangu, nasafiri." Alishika mkono wangu kwa vidole kumi. Siku hiyo hakwenda shule na mimi sikwenda Matai.

Wiki iliyofuata nikasema "naondoka". Akanijibu, "Ameondoka lipo kwenye orodha." Ni kweli, mwalimu aliwaandikia orodha nzima ya tafsida, nimeisoma kwenye daftari juu hadi chini, kisha chini hadi juu. Ameondoka lipo. Ametangulia lipo. Ametutoka, ameaga, amekwenda, ameitwa. Hata amepumzika lipo, kwa hiyo na siku nisipokwenda popote sina la kusema. Maneno yote ya mtu mwenye miguu yameshachukuliwa na waliokufa. Nikitoka kimyakimya ni vibaya zaidi. Nilijaribu mara moja, nikarudi nikamkuta amekaa kizingitini na sare za shule, hajala, anahesabu.

Kwa hiyo nakuuliza wewe unayesoma, ambaye pengine umesoma mashairi kunizidi, na nakuomba kwa dhati, sitapunguza wala sitabishana: Jumanne inakuja, gari la Matai linaondoka saa kumi na mbili na nusu. Nisimame pale mlangoni nimwambie neno gani?